Damu inatoka wapi? Kwa nini Halo, Dead Space na Doom hazifanani ukishika pedi

Watu wakibishana kuhusu gemu za risasi za sai-fai, zile za mashujaa waliovaa chuma mwili mzima na madude ya sayari zingine, mabishano yanaishia kwenye grafiki, bunduki na stori. Hii bunduki zake kali, ile grafiki zimechoka, nyingine stori haieleweki. Sawa, ila ukitaka kujua kwa nini gemu moja inakufanya umkimbilie adui umekunja sura na nyingine inakurudisha nyuma taratibu huku kidole kinatetemeka, uliza swali moja jepesi tu: ukipigwa, damu, yaani uhai wa mtu wako kwenye gemu, unaipata wapi? Na risasi zikiisha, unazipata wapi? Jibu la hapo ndo linakuendesha, hata kama hujawahi kulifikiria, na watengenezaji wanaumiza sana kichwa hapo kuliko watu wanavyodhani.

Tuanze na mzee mwenyewe. Doom ya id Software, 1993, inakupa damu 100 na hairudi yenyewe hata ukikaa kwenye kona mpaka kesho. Imetapakaa sakafuni: kaboksi kadogo ka dawa kanakupa 10, boksi kubwa 25, na kuna tufe la bluu lenye sura ya mtu linakuongezea 100 nzima mpaka unafika 200. Sasa unapigana huku kichwani umebeba ramani, unakumbuka kuna boksi uliliacha kule korido ya mwanzo kwa sababu ulikuwa umejaa, umebaki na 12, unageuza unarudi kulifuata huku unaomba njiani usikutane na kitu. Utamu mwingi wa gemu ile uko hapo, kwenye kuacha na kukumbuka na kurudi, wala sio kwenye kulenga, maana hata kuangalia juu na chini ulikuwa huwezi, adui akiwa ghorofani wewe unamwelekea tu na gemu inamalizia yenyewe.

Half-Life ya Valve, 1998, ilibaki na hesabu ileile ila ikaivalisha nguo. Upo ndani ya maabara kubwa, kwa hiyo badala ya maboksi tu chini kuna mashine ukutani, unasimama mbele yake unakandamiza kitufe, damu inapanda taratibu, na nyingine inachaji suti ya Gordon Freeman, yule unayemchezea. Ukiwa unachaji umesimama, mgongo wazi, na ukisikia kitu kinatembea kwenye bomba la hewa juu yako unaanza kupiga hesabu nichaji kidogo tena au niache. Kajambo kadogo ila kametulia sana.

Tatizo la mfumo huu liko upande wa mtengenezaji. Wewe unaingia chumba cha kumi, yeye hajui umeingia na damu 100 au na damu 8. Akikitengeneza kigumu, mwenye 8 amekwama, labda arudi kwenye sevu ya zamani. Akikilegeza, mwenye 100 anapita anapiga miayo. Wengi wakawa wanategesha boksi la dawa mlangoni kabla ya kila vita kubwa, mpaka mchezaji akawa anajua kabisa, nikiona maboksi matatu na risasi zimepangwa vizuri hapa basi mbele kuna bosi. Ukishajua hivyo hofu yote imeisha.

Halafu ikaja Halo. Watengenezaji ni Bungie, Novemba 2001, pamoja na Xbox ya kwanza. Master Chief, mwanajeshi unayemchezea, ana ngao juu ya damu, ngao ikipigwa inashuka, ukikaa sekunde chache bila kuguswa inajichaji yenyewe na ule mlio wake ambao aliyewahi kuicheza akiusikia leo anageuka. Chini ya ngao, kwenye ile Halo ya kwanza, bado kulikuwa na damu ya kawaida isiyorudi mpaka uokote boksi, kitu ambacho watu wengi wamekisahau, kwa hiyo ulikuwa na vitu viwili kwa mpigo, makosa madogo unasamehewa na makosa makubwa unatembea nayo. Mimi naona ule ndo mchanganyiko bora kuliko wote, na ilipofika Halo 2 mwaka 2004 wakaondoa yale maboksi na ile mistari ya damu, kukabaki ngao tu juu juu.

Ngao ile ilimaliza lile tatizo la chumba cha kumi. Sasa mtengenezaji anajua kwa uhakika kwamba kila vita unaianza ukiwa karibu umejaa, kwa hiyo anaweza kuipanga kila vita kama kitu kamili chenye mwanzo na mwisho wake. Jaime Griesemer, mmoja wa waliobuni uchezaji wa Halo, ndo yule wa maneno maarufu ya sekunde 30 za raha zinazojirudia. Watu wamemnukuu vibaya kwa miaka, eti tengeneza kitu kimoja kitamu halafu kirudie mpaka gemu iishe. Maana yake ilikuwa zile sekunde 30 zinabaki ila kila kinachozizunguka kinabadilika, mara ufukweni mara kwenye daraja, mara una bunduki yako mara umeishiwa umeokota ya adui, mara wako wanne wadogo mara wapo wawili wenye ngao kama yako.

Chukua ile misheni ya ufukweni, The Silent Cartographer. Unashushwa na ndege kwenye mchanga, wanajeshi wenzako wanaruka na wewe, risasi za plasma zinakuja za rangi rangi. Mbele kuna wale wafupi wenye mitungi mgongoni, Grunt, waoga wanaoongea sana, kuna wenye ngao za mkononi, na katikati kuna Elite, mrefu, ana ngao inayojichaji kama yako. Unarusha guruneti la plasma, linaganda kwenye Grunt mmoja, anaanza kukimbia huku anapiga kelele, na anakimbilia wapi, kwa wenzake, linalipuka nao. Ngao yako imeanza kulia, unajibanza nyuma ya mwamba. Na hapa ndo pa kuangalia: zile sekunde unazosubiri ngao irudi, Elite hasubiri, anazunguka mwamba. Unakandamiza bastola ya plasma mpaka inajaa, unaachia lile donge la kijani linamfuata na kumvua ngao yote, unabadilisha bunduki, risasi moja ya kichwa. Kiongozi kadondoka, wale wafupi waliobaki wanatawanyika mikono juu. Imechukua kama nusu dakika na umefanya maamuzi mengi, na kila uamuzi ulikuwa na sababu: plasma inamaliza ngao, risasi inamaliza nyama, na wewe unaruhusiwa kubeba bunduki mbili tu, kwa hiyo ukichagua hii umeikosa ile.

Bunduki mbili watu walizilalamikia sana wakati ule, wamezoea Doom na Half-Life unatembea na ghala zima mfukoni. Ila ghala zima maana yake huchagui chochote, unatumia ileile unayoipenda mpaka risasi ziishe. Halo ikakulazimisha kuokota za adui, na ikaweka guruneti kwenye kitufe chake na kupiga kwa kitako cha bunduki kwenye kitufe chake, huna haja ya kuingia kwenye menyu wala kubadilisha silaha mkononi. Leo kila gemu iko hivyo mpaka tunaona ni asili ya dunia.

Kuna kisa kingine cha hao Bungie nakipenda. Chris Butcher na huyo Griesemer walikieleza kwenye mkutano wa watengeneza gemu, GDC ya 2002. Waliwapa watu wa kujaribisha adui wenye akili ileile, kilichobadilika ni ugumu wao wa kufa tu. Waliopewa adui laini wakasema hawa hawana akili, waliopewa adui wagumu wakasema jamani hawa wana akili sana. Ukiwaza ina mantiki kabisa, adui akifa kwa nusu sekunde hajapata muda wa kukuonyesha anachojua, hajakwepa, hajajificha, hajakuzunguka, amekufa tu. Kwa hiyo ule ujanja wa Elite unaousifu, sehemu yake kubwa ni ngao yake imempa muda wa kuufanya mbele ya macho yako.

Griesemer mwaka 2010 akarudi GDC akatoa mada nzima kuhusu bunduki moja, ile ya mdunguaji kwenye Halo 3, na kwa nini muda kati ya risasi na risasi ulitolewa nusu sekunde ukapelekwa sekunde 0.7. Sehemu mbili za kumi za sekunde, mada nzima! Ila ndo kazi yenyewe. Bunduki ya masafa marefu ikiwa na kasi ya nusu sekunde inakuwa inafaa na kwa karibu, basi hakuna sababu ya kubeba nyingine, na zile bunduki zingine zote walizohangaika kuzichora zinakuwa mapambo.

Baada ya Halo kila mtu akakopi. Call of Duty 2 mwaka 2005 ikaondoa maboksi, damu ikawa inarudi yenyewe, Gears of War mwaka 2006 ikaongeza na kujibanza ukutani kama kitufe rasmi. Wengi wa waliofuata wakachukua nusu tu ya wazo. Walichukua damu inayorudi, wakaacha adui anayekuzunguka ukiwa umejificha. Ndo tukapata ile miaka ya skrini nyekundu: unapigwa, skrini inajaa damu, unachuchumaa nyuma ya gunia la mchanga, unahesabu mpaka tano, unainuka unaua wawili, skrini nyekundu, unachuchumaa. Adui naye kachuchumaa kwake. Ukiangalia kwa makini nusu ya muda wa kucheza unatazama ukuta.

Dead Space, 2008, ikaenda kinyume kabisa, na ndo maana mpaka leo watu wanaiogopa usiku. Isaac Clarke sio mwanajeshi, ni injinia, amekuja kutengeneza meli ya uchimbaji inaitwa Ishimura, na silaha yake ya kwanza ni kifaa cha kukatia madini. Damu yake hairudi. Na unaiona wapi? Sio pembeni ya skrini, iko kwenye uti wa mgongo wa suti yake, taa zinazopungua kila akikwaruzwa, na idadi ya risasi inaelea kwenye silaha yenyewe. Ukifungua begi lako linafunguka mbele yake hewani na gemu haisimami, kwa hiyo unatafuta dawa huku unasikia kitu kinaburuza miguu nyuma yako. Nafasi kwenye begi ni chache, ukibeba dawa nyingi risasi zinakosa pa kukaa.

Halafu wakakuvuruga kitu ambacho gemu zote zilikufundisha. Kichwa hakisaidii. Hao madude, necromorph, ukimtoa kichwa anaendelea kuja, tena wakati mwingine kwa hasira zaidi, dawa yao ni kukata mikono na miguu, na kile kifaa unakigeuza mstari wake uwe umelala au umesimama kulingana na kiungo unachotaka kukata. Fikiria mtu aliyekaa miaka analenga kichwa, mkono umezoea, sasa dude linakuja mbio na yeye anatakiwa atulie aangalie ule mkono unaopungwa kama panga aukate kwanza. Risasi zako zinaisha kwa kupaniki tu, wala adui hajafanya lolote la ajabu. Na wengine wanalala kama wamekufa, unapita, wanaamka. Ndo unakuta kila mchezaji wa Dead Space anakanyaga maiti zote anazokutana nazo, hata zile alizoziua mwenyewe, kwa mguu mzito wa chuma, na hakuna aliyemfundisha. Waliirudia upya mwaka 2023 kwa grafiki za kisasa na hayo yote hawakuyagusa, wamefanya la maana.

Sasa Doom ya 2016. Hapa id walikaa wakajiuliza kile kitu cha skrini nyekundu, kwamba kwa nini mtu akikaribia kufa gemu inamwambia arudi nyuma, wakati raha iko mbele? Jibu lao: damu ikae ndani ya maadui. Shetani ukimpiga mpaka akalegea anaanza kuwaka, ukimfuata karibu ukakandamiza kitufe unammaliza kwa mkono kwa namna ya kikatili ya kuchekesha, na damu inamwagika kutoka kwake kuja kwako. Risasi zikiisha unatoa chensoo, ule msumeno wa kukatia magogo, unampasua mmoja, zinamwagika risasi. Hakuna kurilodi. Adui ndo duka lako, na duka liko katikati ya vita. Kwa hiyo ukibaki na damu 15 akili inakwambia kimbia, gemu inakwambia msogelee yule pale, na ukijifunza kuitii gemu unajikuta umefanya vitu ambavyo aliyekaa pembeni anadhani wewe ni fundi kupindukia.

Doom Eternal, ya 2020, ikakaza nati. Sasa damu unaipata kwa kumaliza kwa mkono, risasi kwa chensoo, na vazi la kujikinga kwa kuwawasha moto na kale kamashine ka begani, vitu vitatu, njia tatu, na risasi unabeba chache makusudi ili usikae na bunduki moja. Lile jicho moja linaloelea, Cacodemon, ukilitupia guruneti mdomoni linalimeza na limeisha. Yule bonge mwenye mizinga mikononi unamvunja mizinga kwanza. Inakuwa kila sekunde unasoma nani yuko wapi, nahitaji nini, silaha gani. Wapo wanaoichukia kwa hilo, wanasema inakushika mkono na kukuamrisha ucheze inavyotaka yenyewe, na yule Marauder, anayekinga karibu kila kitu mpaka macho yake yawake kijani ndo umpige, kagombanisha watu mpaka leo. Lawama yao naielewa. Marauder anasimamisha ngoma, umetoka kwenye kasi ya ajabu halafu unatakiwa usimame umbali fulani umsubirie mtu mmoja ajisikie kukushambulia. Ila ukitoa huyo, kwangu Eternal ndo imelijibu lile swali la damu kwa ukamilifu kuliko zote, hata kama jioni nikiwa nimechoka naifungua ya 2016.

Kuna kitu kingine kinachofanya hizo vita zisiwe vurugu tu. Chumba cha Doom kinaweza kuwa na mashetani kumi na zaidi na wote wanakutaka, ila hawakushambulii wote kwa mpigo. Gemu ina tiketi chache za kushambulia, mwenye tiketi anarusha, wengine wanazunguka zunguka wanatisha mpaka tiketi irudi. Wewe unaona fujo, kumbe kuna foleni.

Na uongo upo mwingi zaidi ya huo. Mwaka 2017 watengenezaji walianza kuanika siri zao hadharani, wale wa gemu ya BioShock wakakiri kwamba risasi ya kwanza ya adui inakukosa makusudi, ili ushtuke ugeuke badala ya kufa bila kujua kilichokuua. Kwenye Doom ule mstari wa damu haukwambii ukweli, kale kapande ka mwisho kana damu nyingi kuliko kanavyoonekana, ndo maana unatoka vitani unahema umebaki na unyuzi tu na unamhadithia kila mtu. Halo nayo, ukipitisha alama ya kulenga juu ya adui kwa pedi inapunguza mwendo kidogo ing'ang'anie, maana kidole gumba sio mausi. Siwalaumu. Gemu ya haki asilimia mia, yenye adui wote wanaopiga wanavyoweza na wote kwa mpigo, ungeizima ndani ya dakika tano.

Ila watu wakishaipenda Doom wanaanza kusema damu inayorudi yenyewe ndo ilioharibu gemu za risasi. Hapo sikubali, na ushahidi wangu ni Titanfall 2, gemu nyingine ya risasi ya sai-fai. Damu ya rubani wake, yule unayemchezea, inarudi yenyewe, kama Call of Duty tu. Na bado hujifichi! Kwa sababu kasi yako ndo ngao yako, unakimbia ukutani, unaruka, unateleza chini kwa makalio, unaruka tena bila kupoteza mwendo, na ukisimama ndo unakufa, hivyo ukitaka damu irudi unakimbia mbali na macho yao, ukuta hadi ukuta, na unarudi kutokea upande wasioutegemea. Sheria ileile ya damu, mwili tofauti, gemu tofauti. Halafu ina ile misheni ya Effect and Cause, unapewa kifaa mkononi, kitufe kimoja kinakuhamisha kati ya jengo likiwa zima zamani na jengo likiwa limeungua sasa hivi, unaruka kwenye shimo la sasa hivi na ukiwa hewani unabonyeza unatua kwenye sakafu ya zamani, adui wakikuzidi zama hizi unahamia zile, unazunguka nyuma walipo, unarudi. Misheni moja tu, kisha wanakunyang'anya kifaa na hawakirudii tena, kampuni nyingine ingekitengenezea gemu nzima na sehemu ya pili na ya tatu.

Iliuzwa chini ya walivyotegemea, na sababu wala haikuwa ndani ya gemu. EA, kampuni inayoisambaza, waliitoa tarehe 28 Oktoba 2016, wiki moja tu baada ya Battlefield 1 ambayo nayo ni yao wenyewe, na wiki moja kabla ya Call of Duty ya mwaka ule. Bei yake sa hivi inashuka sana kukiwa na punguzo, na kampeni nzima unaimaliza wikiendi moja.